Malisho Chini ya Moshi



Mtu atakapo kujua kama hewa ya mji imeharibika, aghalabu huinua macho: hutazama dohani za viwanda, hutazama utusitusi uliotanda juu ya mapaa wakati wa alfajiri, au husikiliza vifua vya watoto wanaokohoa usiku, na zote hizo ni dalili za kweli ambazo hakuna mwenye insafu awezaye kuzidharau. Lakini mimi leo nimekuja kuwaomba mwiname mtazame chini, kwenye mmea ambao hukanyagwa na kila mpita njia na kuliwa na kila mnyama wa zizini, nao ni nyasi. Kwa maana miongoni mwa mimea yote ivutayo hewa tunayoichafua, nyasi ni katika ile iliyochunguzwa kwa muda mrefu kabisa, na imewafunza wataalamu fundisho ambalo hata sasa halijaingia vya kutosha katika fikira za watunga sheria wala za wafugaji, nalo ni kwamba sehemu kubwa ya madhara ya hewa chafu haionekani kwa macho, na kwamba malisho yaweza kuwa mabichi yenye kupendeza ilhali mavuno yake yamekwisha kupungua kwa nusu.

Wala asidhani mtu kwamba nitajapo nyasi nasemea ukoka wa viwanjani peke yake. Mahindi, mpunga, mtama, ngano na miwa ni ya ukoo mmoja na nyasi, na ng'ombe na kondoo hawana riziki kubwa kuliko hiyo. Basi lolote liipatalo nyasi halikawii kufika kwenye kibuyu cha maziwa na kwenye ghala la nafaka.

Jani la nyasi huvuta hewa kwa matundu madogo mno, yasiyoonekana ila kwa hadubini, ambayo hufunguka mchana ili kuiingiza hewa ya kaboni, na mmea ukaitumia hiyo, pamoja na maji na nuru ya jua, kujitengenezea sukari. Tundu hilo ni kama mlango usio na bawabu: gesi ya salfa, itokayo katika makaa ya mawe na katika mawe ya madini yanayochomwa tanurini, hupita papo hapo ipitapo hewa njema, ikakutana na unyevu uliomo ndani ya jani, ikawa salfiti, ambayo ni sumu kwa chembe hai. Mmea una hila yake ya kuigeuza sumu hiyo ikawa salfeti, ambayo si kali na ambayo kwa kiasi kidogo ni chakula chake. Walakini kazi hiyo ina gharama, na gesi ikizidi kuliko uwezo wa jani kuigeuza, jani huzeeka kabla ya wakati wake, sukari hupungua, na katika kuigawanya ile iliyosalia mmea huwapa kwanza majani yaliyo juu na kuipunja mizizi. Hapo ndipo pa kuzingatia, kwa kuwa mizizi haionwi na mtu. Nyasi iliyopunjwa mizizi itasimama vizuri wakati wa mvua, na mwenye mali akipita ataisifu. Kiangazi kikija, ndipo itakapolipa deni ambalo hakuna aliyejua kwamba inalo.

Watu wa kwanza kulazimika kulifikiri jambo hili kwa makini walikuwa Waingereza, kwa sababu wao ndio waliotangulia kuyachoma makaa ya mawe kwa wingi mkubwa. Katika karne ya 19 viwanda vya magadi vya Lancashire vilikuwa vikimwaga hewani gesi ya tindikali ya chumvi, ikaunguza miti na malisho ya majirani, hata wenye mashamba wakapeleka malalamiko yao Bungeni, na mwaka 1863 ikatungwa sheria iliyowalazimisha wenye viwanda hivyo kuizuia gesi hiyo kwa sehemu 95 katika kila 100. Mkaguzi wa kwanza aliyewekwa kuisimamia alikuwa mkemia Mskoti, Robert Angus Smith, ambaye alikuwa amekwisha kuipima mvua ya Manchester na kuona kwamba kadiri mtu aukaribiapo moyo wa mji ndivyo uchachu wa mvua unavyozidi, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1872 ndicho kilicholeta katika elimu jina la mvua ya tindikali. Baadaye, mwaka 1911, Charles Crowther na Arthur Ruston wa Chuo Kikuu cha Leeds waliinywesha nyasi ya malisho, ile ambayo kwa Kilatini huitwa Phleum pratense, maji ya mvua yaliyokingwa katika mji wao wenye moshi, na nyingine wakainywesha maji waliyoyatia tindikali kwa vipimo mbalimbali, wakaona kwamba kadiri tindikali ilivyopanda ndivyo mavuno yalivyoshuka. Hilo lilikuwa jaribio la mvua. La hewa yenyewe lilingoja miaka mingine arobaini.

Jaribio hilo la hewa lastahili tulikalie kitako, maana ndilo msingi wa yote nitakayoyasema. J. K. A. Bleasdale alilifanya Manchester, na habari yake ikachapishwa mwaka 1952. Alichukua nyasi ya Lolium perenne, ambayo ni katika malisho makuu ya Uingereza, ya mbegu bora iitwayo S23 iliyozalishwa na wataalamu wa Aberystwyth, akaiotesha katika nyumba za vioo. Nyumba moja ikapewa hewa ya mji kama ilivyo, na nyingine ikapewa hewa ile ile baada ya kupitishwa majini na kuoshwa. Nyasi iliyopata hewa iliyooshwa ilikua kuliko mwenziwe. Hata hivyo jambo kubwa si hilo, bali ni kwamba ile iliyodumaa haikuwa na doa, haikuwa na ncha iliyoungua, wala haikuwa na alama yoyote ambayo mkulima angeweza kuiweka mbele ya hakimu na kusema kwamba hili ndilo dhara nililotendewa na hii ndiyo fidia niidaiyo. Majani yake ya chini yalikufa mapema kidogo, na majani ya chini ya nyasi hufa siku zote. Fikirini basi hali ya mkulima wa nchi ile, ambaye hakuwa na nyumba ya vioo, na ambaye shamba la jirani yake lilikuwa chini ya moshi ule ule uliolifunika la kwake: angepata wapi cha kulinganisha? Baba yake alivuna hivyo, na babu yake alivuna hivyo, na upungufu uliodumu vizazi viwili ukageuka kuwa ndiyo kawaida ya ardhi ile. Katika mambo yote niliyoyasoma juu ya maudhui haya, hakuna lililonihuzunisha kuliko hili, kwamba umma mzima waweza kunyang'anywa sehemu ya riziki yake bila ya mtu mmoja kujua kwamba amenyang'anywa.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1952, tangu tarehe 5 hadi 9 Desemba, moshi na ukungu viliuziba mji wa London hata watu wasione njia, na kwa hesabu ya wakati ule walikufa watu wapatao 4,000, na kwa hesabu zilizofanywa baadaye zaidi ya hapo sana. Ndipo mwaka 1956 ikatungwa Sheria ya Hewa Safi. Mauti ya watu yaliisogeza serikali. Nyasi ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi wake, na ushahidi huo haukuwa umemsogeza waziri yeyote.

Baada ya miaka ishirini, J. N. B. Bell wa Imperial College ya London, pamoja na mwenzake aitwaye Clough, waliilea nyasi ile ile ya S23 kwa majuma 26 katika hewa iliyotiwa gesi ya salfa kiasi cha mikrogramu 191 kwa kila mita ya ujazo, kiasi ambacho hakikuwa kigeni katika miji ya viwanda ya wakati ule, na mwaka 1973 wakatangaza kwamba mavuno yalipungua kwa takriban nusu. Wako waliowapinga, na walikuwa na haki ya kupinga, kwa maana majaribio mengine yalitoa hasara ndogo zaidi na mengine hayakutoa hasara hata kidogo. Na katika kushindana huko kwa hoja ndipo lilipofahamika jambo lenye faida, kwamba nyasi hudhurika zaidi katika majira ya baridi, nuru inapokuwa haba na siku zinapokuwa fupi, kwa sababu mmea usiokua kwa kasi hauna nguvu ya kuigeuza sumu upesi. Hasara haitegemei gesi peke yake, bali hutegemea gesi na majira, na nuru, na upepo, na hali ya mmea wenyewe. Na mtu ajaye kwetu na kipimo kimoja kilichotolewa katika nchi moja, akasema kwamba chini ya hapo hakuna madhara popote duniani, haifai kumsadiki upesi.

Ikaonekana pia jambo ambalo wengine walilifurahia kuliko lilivyostahili. Kule Helmshore, katika Lancashire, ambako moshi ulikuwa umetanda kwa vizazi, nyasi ya Lolium iliyojiotea yenyewe malishoni iliistahimili gesi ya salfa kuliko ile mbegu bora ya S23. Kwa maana mche usioweza kustahimili ulishindwa na ukatoweka, na ulioweza ukabaki ukarithisha tabia yake. Basi wakasema watu kwamba maumbile yanajiponya yenyewe, na kwamba hakuna haja ya kuhangaika. Mimi siioni hoja hiyo kuwa na nguvu. Nyasi iliyosalia ni ile iliyochaguliwa na moshi, nao moshi haujali utamu wa jani, wala wingi wa maziwa, wala upesi wa kuchipua baada ya kulishwa. Ule uteuzi ambao mfugaji huufanya kwa hekima ya miaka mingi ulikuwa umechukuliwa na dohani.

Sasa niingie katika sehemu ya habari hii ambayo kwangu ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa hapa hewa chafu haiji kwa sura ya adui. Katika moshi wa magari na wa mitambo ya umeme zimo oksidi za nitrojeni, na katika samadi ya mazizi makubwa ya nguruwe na kuku hufuka amonia. Na nitrojeni, kama kila mkulima ajuavyo, ni mbolea. Ikianguka na mvua, nyasi hunawiri. Mtu akitazama kwa juu juu atasema kwamba hapa uchafu umekuwa neema.

Pako mahali ulimwenguni ambapo swali hili laweza kujibiwa kwa ushahidi wa zaidi ya miaka 160, napo ni Rothamsted, katika wilaya ya Hertfordshire, ambako John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert, mwaka 1856, waligawa malisho ya zamani vipande vipande, kingine wakakitia mbolea ya namna hii na kingine ya namna ile, na vingine wakaviacha bila ya kuvitia kitu. Na kazi hiyo haijakatika tangu siku hiyo. Vile vipande vilivyotiwa salfeti ya amonia mwaka baada ya mwaka bila ya chokaa vilichachuka mno, na aina za mimea humo zikabaki mbili au tatu, ilhali katika vile visivyotiwa kitu zilikuwamo karibu arobaini. Lakini kilichonivutia mimi zaidi ni ghala lao. Kila mwaka walipokata nyasi waliikausha, wakaweka sehemu yake akiba, wakaandika tarehe na jina la kipande; wala hawakujua ni nani atakayeihitaji, wala kwa jambo gani. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliifungua akiba hiyo, wakaipima salfa iliyomo ndani ya majani makavu kwa njia ya kutambua asili yake, wakagundua kwamba kadiri moshi wa makaa ya mawe ulivyozidi nchini ndivyo salfa ya moshi ilivyozidi ndani ya nyasi, hata ilipofika miaka ya karibu na 1970, moshi ulipokuwa umefikia kilele chake, hadi nusu ya salfa ya nyasi hiyo ilikuwa imetoka angani na si ardhini. Malisho yale hayana kiwanda ubavuni. Yamo mashambani, na aliyesimama hapo siku za kiangazi angeapa kwamba anavuta hewa safi.

Ama habari ya nitrojeni, ilikuwa hivi. Huko Uholanzi, nyika zilizokuwa zimefunikwa na vichaka vya maua ya zambarau ziligeuka katika muda wa miaka michache kuwa bahari za nyasi ndefu za namna moja au mbili, kwa sababu amonia ya mazizi ilizinenepesha nyasi hizo zikavifunika vichaka. Na katika Uingereza, Carly Stevens na wenzake, walipozichunguza sehemu 68 za malisho ya ardhi yenye uchachu, walitangaza mwaka 2004 kwamba kwa kila kilo 2.5 za nitrojeni ziangukazo kwa mwaka katika hekta moja, hupungua aina moja ya mmea katika kila mita nne za mraba. Nyasi yenye pupa hukua na kuwanyima nuru majirani zake, wakatoweka wale wembamba wenye maua na wale wa jamii ya kunde waliokuwa wakiilisha ardhi bila ya malipo. Kwa hiyo si kweli kwamba uchafu huu haudhuru nyasi kwa kuwa waikuza. Hukuza nyasi mbili, ukazifisha thelathini. Habari njema ni kwamba hewa ilipoanza kusafishwa, vipande vya Rothamsted vilivyoachwa kutiwa mbolea vilianza tena kurudisha baadhi ya mimea yake, kama ilivyoandikwa mwaka 2015. Na kinyume chake, wakulima wa Uingereza, ambao mababu zao walipewa salfa na mawingu bila ya kuiomba, sasa hulazimika kuinunua na kuitia katika malisho yao, maana ile ya moshi imepungua kwa zaidi ya sehemu 95 katika 100 tangu mwaka 1970. Sisemi hili ili kuusifu moshi. Naona tu kwamba yapaswa kusemwa, kwa sababu mwenye kutetea haki hana ruhusa ya kuficha upande usiompendeza.

Yako madhara mengine ambayo nyasi huyabeba bila ya yenyewe kuonyesha ugonjwa mkubwa, ikayakabidhi kwa mnyama. Tarehe 8 Juni 1783, katika kisiwa cha Iceland, ardhi ilipasuka mahali paitwapo Laki kwa ufa wa urefu wa kilomita zipatazo 27, ukatoa moto na gesi kwa muda wa miezi minane. Hapo hapakuwa na kiwanda wala mkono wa mwanadamu. Lakini gesi zilikuwa zile zile, salfa kwa wingi usiosemeka, na pamoja nayo florini, ambayo ilishuka juu ya malisho. Kasisi mmoja wa huko, Jón Steingrímsson, aliyaandika aliyoyaona, na kwa sababu yake tunajua jinsi wanyama walivyovimba mifupa na viungo na jinsi vinywa vyao vilivyoharibika kwa kula nyasi ile. Nusu ya ng'ombe wa kisiwa kizima walikufa, na kondoo wapatao wanne katika kila watano, na kwa njaa iliyofuata akafa takriban mtu mmoja katika kila watano. Hayo yalikuwa maafa ya volkano. Walakini mambo ya namna hiyo, kwa kiasi kidogo, yaliletwa baadaye na mikono yetu wenyewe, pale Fort William katika Uskoti, ambako tanuri za alumini zilitoa floridi, na kondoo na ng'ombe waliolisha karibu wakaharibika meno na mifupa, kama ilivyothibitishwa na ripoti ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mwaka 1949. Mwenye kupita njia angeliona malisho ya Uskoti yenye umande, na kondoo wakichechemea juu yake.

Nimezungumza mno juu ya nchi za baridi. Sasa nije kwetu, katika nchi zisemazo Kiswahili, na hapa sina budi kuanza na Lubumbashi, mji wa Katanga. Mwaka 1911 tanuri la kuyeyusha shaba lilianza kufanya kazi katika mji huo uliokuwa umezaliwa juzi tu, na kwa sehemu kubwa ya karne nzima moshi wake, wenye gesi ya salfa na vumbi la shaba na la madini mengine, ulichukuliwa na pepo za kusini-mashariki ukamwagwa upande wa kaskazini-magharibi, juu ya mtaa wa Penga Penga na mapori yaliyouzunguka. Huko hapakuwa na haja ya nyumba ya vioo ili kuyatambua madhara. Miti ya miombo ilikufa, kisha vichaka, kisha nyasi. Na udongo uliobaki wazi, uliochachuka na kujaa shaba, ukachukuliwa na mvua tabaka baada ya tabaka, pakawa mahali ambapo hata magugu yaliona taabu kuota. Tanuri lilipodhoofika na kunyamaza katika miaka ya 1990, gesi ilikoma, lakini shaba haikuondoka, maana madini hayaozi wala hayapeperuki. Kwa hiyo yule aliyedhani kwamba kufunga dohani ni kumaliza jambo, ardhi ya Penga Penga ilimkadhibisha.

Na katika ardhi hiyo iliyokufa ulitokea mmea mmoja mdogo, nyasi fupi yenye vishina vilivyoshikana, iitwayo kwa Kilatini Microchloa altera, ambayo ni katika mimea ya Katanga iliyozoea ardhi ya shaba, ikaanza kujitandaza pale ambapo nyingine zote zilishindwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Mylor Ngoy Shutcha, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, waliona kwamba hapo pana dawa: wakaichukua nyasi hiyo, wakaipanda katika vipande vya majaribio, wakaitilia chokaa ili kuupunguza uchachu na mbolea ya asili ili kuirejesha rutuba, wakathibitisha kwamba ardhi tupu yaweza kufunikwa tena, vumbi lake la sumu likatulia, lisiingie katika visima na katika vyakula vya watu. Kazi hiyo naiheshimu mno, nami nataka ifahamike na wasemaji wa Kiswahili wote, kwa sababu imefanywa na watu wa mahali penyewe, kwa nyasi ya mahali penyewe, wala hawakungoja mbegu ya kigeni. Lakini tusiseme kwamba malisho yamerudi. Kilichorudi ni kifuniko. Na ng'ombe hapelekwi kulisha juu ya shaba.

Katika miji yetu mingine, Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Mombasa, hatuna tanuri kama lile, ila tuna magari makuukuu yatoayo moshi mweusi wa dizeli, tuna takataka zichomwazo uani, na tuna vumbi la saruji na la barabara, ambalo likilikalia jani na kupata umande hugeuka gamba, likalinyima nuru na kuyaziba yale matundu niliyoyataja. Na tunao wafugaji wa mjini ambao hufunga ng'ombe wawili au watatu bandani, wakawakatia majani kando ya barabara kuu, kwa kuwa hapo ndipo penye nyasi isiyo na mwenyewe. Na wakati wa ukame wachungaji nao huleta makundi yao hadi kwenye majani ya barabara za Nairobi. Wakati petroli yetu ilipokuwa na risasi, majani hayo yalikuwa na risasi, nayo ilizidi kadiri mtu alivyoikaribia njia, kama ilivyopimwa katika nchi nyingi. Na nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo ilipoingia mwaka 2006, jambo ambalo ni katika mambo mema yaliyofanywa kwa pamoja na serikali zetu na ambalo halisifiwi vya kutosha. Hata hivyo risasi iliyokwisha kuanguka ingali udongoni kando ya njia hizo, na kwa hiyo namsihi kila mwenye ng'ombe wa maziwa: ukiweza, panda mabingobingo nyuma ya nyumba yako au mbali na njia, na usikate yale ya ukingoni kwa lami.

Ozoni nitaitaja kwa maneno machache. Huzaliwa hewani pale moshi wa magari na wa mioto ya nyika unapopigwa na jua kali, nalo jua kali sisi tunalo. Nayo huingia katika jani kwa mlango ule ule, ikaiunguza mimea ya jamii ya kunde kabla ya nyasi, hata malisho yaliyochanganywa yakapoteza ile sehemu yenye kuwanenepesha wanyama. Majaribio mengi ya jambo hili yamefanywa kwa nyasi za nchi za baridi. Nyasi nyingi za kwetu hutengeneza sukari yake kwa njia nyingine, njia iliyozoea jua na joto, na haifai kuzihukumu kwa kipimo kilichochukuliwa Manchester.

Basi haja yangu kwenu, na hasa kwa walimu wa vyuo vya kilimo na mifugo, na kwa mabwana shamba wa wilaya ambazo viwanda vinakusudiwa kujengwa, ni hii. Kabla dohani haijasimama, tengeni kipande cha malisho upande ule upepo unakoelekea, na kingine kama hicho upande unakotoka. Pimeni uchachu wa mvua na wa udongo wa vipande hivyo viwili. Kateni nyasi yake kila mwaka kwa tarehe zile zile, mpime uzito wake, muihesabu mimea yake aina kwa aina, muikaushe sehemu yake na kuiweka mahali pakavu, pamoja na karatasi yenye mwaka na jina la mahali. Kazi hiyo yahitaji mundu, mizani, daftari na kabati, navyo vimo katika kila chuo. Na mfugaji atakayekuja baada ya miaka ishirini kulalamika kwamba malisho yake yamepungua, naye hana doa la kumwonyesha hakimu, mpeni ufunguo wa kabati hilo.